Miaka Thelathini na Mmoja ya Dubu wa Lüdersroda

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi na bila kuchelewa kazini hata mara moja, Dkt. Volkmar Ahrendt, Mkuu wa Idara ya Utamaduni, Makumbusho na Nembo ya Mji, atakabidhi funguo zake na kustaafu. Meya ameniomba niandike ukurasa mmoja "wenye uchangamfu" kwa ajili ya jarida letu la watumishi. Ukurasa mmoja hautatosha, na uchangamfu nitautafuta njiani. Mimi hufungisha ndoa katika chumba kinachopakana na chake, kwa hiyo nimezoea kusimama mbele za watu na uso wa furaha hata pale ninapoona wazi kwamba mambo hayatakwenda. Mwakani nami nastaafu, hivyo sina la kuogopa.

Alikuja kwetu kutoka magharibi mwa Ujerumani mwaka 1994, zama zile ambapo mabwana wengi wa aina yake walikuwa wakija kutoka magharibi na gari jeusi, shahada ya udaktari na huruma. Ukuta uliotutenga na magharibi ulikuwa umeanguka, jimbo lilikuwa jipya, na kila mji ulitakiwa kuidhinishiwa nembo yake upya. Yetu ilikuwa pale ilipokuwa siku zote: ngao ya jiwe juu ya Lango la Juu, na ndani yake donge jeusi lenye miguu minne. Wengine walisema ni ng'ombe. Bibi yangu alisema ni fuko aliyeshiba. Dkt. Ahrendt alisimama chini yake, shingo nyuma, mikono mgongoni, kwa muda wa kuvuta sigara moja, akatangaza kwamba ni dubu.

Tukafurahi. Nani asiyetaka dubu? Mji wa Gernstedt, majirani zetu, una samaki kwenye nembo yake, tena samaki mdogo. Dkt. Ahrendt akaandika kijitabu ambacho hadi leo kinauzwa pale mapokezi. Humo tunaelezwa kwamba dubu ni ushujaa, kwamba kile kinundu kilicho chini ya mguu wake wa mbele ni tufe la kifalme, ishara ya upendeleo wa Kaisari mwenyewe kwa Lüdersroda, na kwamba mji ulianzishwa na shujaa aliyemuua dubu msituni kwa mkuki. Shujaa huyo hana jina, hana kaburi na hana mtoto, lakini ana kurasa kumi na mbili.

Ukurasa wa saba wa kijitabu hichohicho unaeleza, vizuri kabisa, jinsi mji wetu ulivyopata riziki yake. Mama mkuu wa watawa alitupa haki ya msitu wa mialoni. Kila vuli wakulima wa vijiji vya jirani waliswaga nguruwe wao waje wanenepe kwa kokwa za mialoni yetu, na katika kila nguruwe kumi mmoja alibaki kwetu kuwa malipo. Kwa mapato hayo tulijenga kanisa, ukuta na lango. Kwenye ukurasa wa nane anaanza dubu. Mtu mzima mwenye udaktari aliandika ukurasa wa saba, akageuza karatasi, akaandika wa nane, na hakuna kilichomgusa. Wala hakikutugusa sisi tulionunua.

Kazi iliyomfanya ajulikane, hata hivyo, haikuwa kuandika. Ilikuwa kukataa. Kwa kanuni alizotunga mwenyewe, hakuna mtu anayeruhusiwa kuitumia nembo ya mji bila kibali cha idara yake, na idara yake ilikuwa yeye. Klabu ya mpira iliomba dubu kwenye jezi: hapana, jezi hulowa jasho. Mwoka mikate aliomba dubu kwenye biskuti za asali za Krismasi: hapana, nembo ya mji hailiwi. Wazima moto walitaka kumbandika ubavuni mwa gari lao. Walijibiwa kwamba gari linaweza kupata ajali na dubu akaonekana amelala kifudifudi. Watoto wa chekechea walichora dubu wa kushonwa kwenye aproni zao, akawarudishia mchoro kwa maelezo kwamba dubu wa nembo hacheki. Mwalimu wao alimfuata hadi ofisini.

"Bwana Daktari, ni watoto wa miaka minne hawa."

"Basi wanaanza kujifunza sheria mapema. Kila la heri."

Tulikuwa tukimcheka kwenye chumba cha kahawa, lakini kwa sauti ya chini. Kicheko kiliisha siku alipomgeukia Roswitha Kniesel.

Roswitha ni mwenye bucha pale sokoni, bucha la baba yake na la babu yake. Juu ya mlango lilikuwa limening'inia bango la chuma: nguruwe mweusi kwenye rangi ya dhahabu, na mdomoni tawi la mwaloni. Baba yake, mzee Ewald, alilifua bango hilo kwa mikono yake na kulitundika mwaka aliozaliwa binti huyo. Miaka tisa iliyopita Roswitha alilipaka rangi upya. Dhahabu iking'aa namna ile, Dkt. Ahrendt akalitazama kwa mara ya kwanza, na alichokiona kikamkera: rangi zilezile za nembo, nyeusi na dhahabu, mnyama mweusi vilevile, ila ameshushwa cheo. Akatoa amri. Bango ni dhihaka kwa nembo ya mji, lishuke, la sivyo bucha linyang'anywe nafasi yake kwenye soko la Krismasi na kwenye sikukuu ya kila mwaka ya klabu ya walenga shabaha kwa bunduki. Kila mfanyabiashara wa hapa anajua maana yake. Mwenye bucha asiyeuza soseji siku hizo mbili ni afadhali afunge duka.

Roswitha alikuja na aproni yake ya kazi. Kuta zetu ni nyembamba, nilisikia yote.

"Bwana Daktari, huyu ni nguruwe. Mimi nauza nguruwe. Ulitaka nitundike nini, samaki? Niende Gernstedt?"

"Bi Kniesel, kinachodhihaki nembo hakitundikwi."

"Baba alilitundika kabla wewe hujajua Lüdersroda iko wapi."

"Basi ni kosa la muda mrefu."

Akalishusha. Akaliweka kwenye chumba cha chini ya bucha, nyuma ya boila la kupashia nyumba joto. Mzee Ewald alikuwa bado hai, hana kazi tena, anakaa kwenye kigoda chake karibu na mashine ya kukatia nyama, na alimuuliza kila mteja aliyemjua, "Bango limerudi nje?" Tukawa tunamwambia bado, mzee, bado kidogo. Alituuliza hivyo miaka minane. Msimu wa baridi uliopita alifariki, na jeneza lake lilitoka kwenye mlango ambao juu yake palikuwa na ndoano tupu. Niliumia sana siku ile, na hasira niliyoipata sijaimaliza.

Na bado, kila Ijumaa, Dkt. Ahrendt aliagiza mikate miwili midogo yenye nyama mbichi ya nguruwe iliyosagwa, pilipili manga kwa wingi, kutoka bucha lilelile. Nguruwe akiwa ndani ya mkate hakumdhihaki mtu. Nilimuuliza Roswitha anawezaje kumhudumia.

"Namwekea kitunguu kingi," akanijibu. "Alie japo kidogo."

Ndipo ikaja jubilei ya miaka mia saba ya mji, mwezi Mei mwaka huu. Dkt. Ahrendt alitaka kufunga kazi yake kwa kishindo: ile ngao ya langoni isafishwe hadharani, bendi ikipiga, Meya akiwa amevaa mkufu wake wa cheo, na dubu ajitokeze mbele ya mji mzima kama alivyochongwa na mababu. Akaitwa fundi mawe, Mirko Sandau, mtu wa maneno machache. Akapanda, akagonga, akashuka.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mwenyeji wa Lüdersroda analijua na hakuna aliyewahi kulifikiria. Kila Mei, kabla ya sikukuu ya walenga shabaha, mshindi wa mwaka uliotangulia, ambaye tunamwita mfalme, hupanda ngazi na kumpaka mnyama wa langoni rangi nyeusi. Ndiyo heshima yake. Kila mfalme anataka rangi yake ionekane, kwa hiyo hupaka kwa ukarimu, akishangiliwa na wenzake walioshika bia. Hakuna mfalme hata mmoja aliyewahi kukwangua rangi ya mwenzake kwanza. Hivyo ndivyo tulivyo: kuongeza tunaweza, kukwangua ni kazi ya mtu mwingine. Desturi hiyo ni ya tangu zama za mababu wa babu zetu.

"Bwana Daktari," Sandau alimwambia, "hapa kuna rangi unene wa kidole. Acha nianze kimyakimya wiki moja kabla, tujue chini kuna nini."

"Chini kuna dubu."

"Sikatai. Nasema tu tumwone kwanza."

"Utaanza Jumamosi, mbele ya watu. Mimi namjua dubu wangu."

Basi ikawa Jumamosi. Sandau alikuwa ameipaka ngao dawa ya kulainisha rangi tangu jana yake na kuifunika kwa turubai. Turubai likaondolewa, bendi ikaanza, Dkt. Ahrendt akasimama jukwaani na hotuba yake mkononi. Rangi ikaanza kubanduka, vipande vizimavizima, vikaanguka chini kwa kishindo. Likatokea sikio. Lilikuwa na ncha, limelala juu ya jicho. Watu wakatazamana. Ikatokea pua, bapa, yenye matundu mawili ya wazi. Bendi iliendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyeiambia inyamaze. Sandau akahamia nyuma, akakwangua kwa utaratibu, na hapo ukatokea mkia mfupi uliojisokota. Mwisho alisafisha lile tufe la kifalme chini ya mguu wa mbele, upendeleo wa Kaisari, na likawa kokwa ya mwaloni na kikofia chake.

"Endelea," Dkt. Ahrendt alisema kutoka chini. "Labda bado."

"Bwana Daktari, baada ya hapa ni jiwe tu."

 Ndipo kutoka kwenye kibanda cha soseji Roswitha akapaza sauti, koleo la nyama mkononi: "Jamani, huyo namfahamu! Ndugu yake yuko kwangu, nyuma ya boila!"

Mji mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nilimwona Dkt. Ahrendt akiikunja hotuba yake mara mbili, akaiweka mfukoni, akateremka jukwaani na kwenda zake kwa miguu, na sikumwonea huruma hata chembe. Nilisema moyoni: umepata ulichokitafuta, mzee wa dubu.

Lakini si yeye peke yake anayestahili dharau katika habari hii, na hapa ndipo madiwani wetu watukufu wanapoingia. Wiki tatu baadaye Baraza likakaa kuamua nembo. Ungedhani jiwe lilikuwa limeshasema. Thubutu! Diwani mmoja alitukumbusha kwamba bendera mpya na vikombe vya jubilei vina dubu. Mwingine, mwenye klabu ya mpira moyoni, alikuwa karibu kulia.

"Tukienda kucheza Gernstedt watatugunia kama nguruwe dakika tisini nzima! Mnataka wanangu wakue na hilo?"

Meya Tolle alikuwa na suluhisho, nalo lilikuwa suluhisho la Lüdersroda hasa. Waitwe walenga shabaha na ngazi yao. Wapake rangi. Nguruwe arudi chini, dubu arudi juu, na ndani ya miaka michache yaliyotokea yaonekane kuwa porojo za walevi wa sikukuu. Akamgeukia Dkt. Ahrendt, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wataalamu, na akaongea naye kwa sauti ile anayoitumia kwenye mazishi.

"Bwana Daktari, hakuna anayetaka kukuaibisha. Unaondoka baada ya wiki chache. Unachotakiwa ni kusema neno moja tu, kwamba jambo hili bado lina utata kitaalamu, na utastaafu na dubu wako."

Nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu za kikao. Nilijua atasema nini. Ningeweza kumwandikia kabla hajafungua mdomo. Mtu aliyempokonya mzee bango lake kwa ajili ya dubu angemwacha dubu afe?

Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Hakuna utata," akasema. "Ni nguruwe. Mji huu ulikula kwa sababu ya nguruwe wa watu wengine na mialoni ya watawa, na waliochonga lile jiwe hawakuona haya kusema hivyo. Aliyeona haya ni mimi. Nilitaka mji wenye shujaa, nikauona. Nimekosea miaka thelathini na mmoja, na kosa hilo ni langu. Mkipaka rangi leo, litakuwa lenu."

Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake kavu tuliyoizoea, kwamba kupaka rangi nembo ya mji kunahitaji kibali cha idara yake, na kwamba ombi hilo limekataliwa.

Nguruwe alishinda kwa kura moja. Meya hakupeana mkono na mtu. Ningependa kuandika kwamba watu walimpigia Dkt. Ahrendt makofi, ila hawakumpigia. Waliokuwa upande wa dubu walimwona msaliti, na waliokuwa upande wa nguruwe walikumbuka biskuti, jezi na aproni za watoto. Alitoka peke yake.

Sasa mwenye akili za kawaida angedhani kwamba siku iliyofuata bango la Kniesel lilirudi mlangoni. Roswitha alidhani hivyo. Alilitoa chini, akalifuta vumbi, na kabla hajapata ngazi akapigiwa simu kutoka ofisi ya Meya, ambako bado walikuwa wamenuna. Nguruwe mweusi kwenye dhahabu pamoja na mwaloni, aliambiwa, sasa ni nembo ya mji kabisa. Mfanyabiashara haruhusiwi kuiiga bila kibali.

Ijumaa iliyopita akaja, bango limefungwa kwenye blanketi, akalibwaga juu ya meza ya Dkt. Ahrendt hata kalamu zikaruka. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Sikujisumbua kujifanya nina kazi.

"Haya," alisema. "Miaka tisa nilikuwa naidhihaki nembo, leo naambiwa naiiga. Nipe kibali au nipe nyundo nilivunje, maana nimechoka nanyi nyote."

Dkt. Ahrendt akavaa miwani. Akafunua blanketi. Alilitazama lile bango muda mrefu, kuanzia kingo mpaka katikati, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, na nadhani kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Nguruwe wa mji anatazama kushoto," akasema. "Huyu anatazama kulia. Kanuni ya nne inasema mnyama aliyegeukia upande mwingine hahesabiwi kuwa nembo, wala kuiga nembo, wala kuidhihaki. Huhitaji kibali, Bi Kniesel. Litundike."

Roswitha hakusogea.

"Hiyo kanuni ya nne ni ya lini?"

"Ya mwaka tisini na nne. Niliiandika mimi."

"Na dubu wako alikuwa anatazama wapi?"

"Kushoto."

Mikono ya Roswitha ilikuwa juu ya bango. Nilimwona akikaza vidole kwenye chuma.

"Kwa hiyo baba angeweza kuliona mlangoni. Siku zote zile alizokuwa akiuliza."

Nilidhani Dkt. Ahrendt ataanza kutaja vifungu. Alivua miwani.

"Ndiyo," akasema. "Angeweza."

Hakuomba msamaha, kwa sababu nadhani alijua msamaha huo haukuwa wa Roswitha kuutoa. Naye Roswitha hakumpa. Alilifunga bango kwenye blanketi, akalikumbatia, akafika mlangoni, akageuka.

"Ngazi yangu inayumba," alimwambia. "Njoo uishike."

Akaishika. Mkuu wa Idara ya Utamaduni, Makumbusho na Nembo ya Mji, na suti yake ya kijivu, katikati ya soko, siku ya soko, ameishikilia ngazi kwa mikono miwili huku Roswitha Kniesel akiwa juu yake analiweka sawa bango la baba yake. Hakuwa na haraka. Alilisogeza kulia, akalisogeza kushoto, akashuka kulitazama, akapanda tena. Watu walisimama na vikapu vyao. Hakuna aliyecheka, na mimi niliyetoka nje nikiwa nimejiandaa kucheka nilikuta siwezi.

Dkt. Ahrendt, wenzako wa ukumbi wa mji tunakushukuru. Kwa mengi uliyotukatalia hatukushukuru, na tusingekudanganya siku kama hii. Tunakushukuru kwa lile moja ulilolikataa barazani, ambapo ilikuwa rahisi kukubali. Tunasikia hurudi magharibi, kwamba umeamua kuzeekea hapahapa. Basi tunakuombea afya, usingizi mzuri na uzee wenye amani miongoni mwetu. Kila asubuhi ukienda kununua mkate utapita mbele ya bucha la Kniesel. Usivuke kwenda upande wa pili wa barabara.

Gudrun Pahlke
Ofisi ya Usajili wa Ndoa